Shajara ya Mradi: Mwili wa Bioti kwa Flai za Mito ya Nyeri

Machi: lengo na mipaka

Mradi huu unatafuta jambo moja tu, nalo ni mwongozo wa kufunga flai yenye mwili wa bioti (nyuzi fupi na ngumu za unyoya wa bawa), ambao fundi yeyote wa karakana yetu ndogo hapa Nyeri ataweza kuufuata na kutoa mwili uleule, wenye unene uleule na rangi ileile, kuanzia ndoano ya namba 14 hadi ya namba 20 (namba ikipanda, ndoano huwa ndogo zaidi). Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, flai ni chambo kinachofungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoano ili kifanane na mdudu wa mtoni, na Kenya imekuwa ikifunga flai za kuuzwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, ingawa wavuvi wengi wanaozirusha huko hawajui zilikofungwa. Mafundi tulio nao wana mikono mizuri. Kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa, kwa sababu kila mmoja alifundishwa na mwenzake akiwa ameketi kando yake, na kila mmoja ana namna yake ya kushika bioti.

Ukitazama unyoya mkubwa wa bawa la bata mzinga au bata bukini, utaona kwamba upande mmoja wa uti una nyuzi ndefu, laini, zilizoshikamana zikawa bapa pana, ilhali upande wa pili, ule unaotangulia kukata upepo ndege anaporuka, una nyuzi fupi, ngumu na zilizochongoka. Hizo fupi ndizo bioti. Wafungaji wengi wanazijua zaidi kama mikia na pembe: katika Prince Nymph, flai inayobeba jina la Doug Prince wa California, bioti mbili za kahawia huwa mkia na mbili nyeupe hulala mgongoni. Kuizungusha bioti kwenye shina la ndoano hadi iwe tumbo la mdudu ni matumizi mengine, na mmoja wa waliolifanya lijulikane ni René Harrop wa Idaho, aliyefungia flai zake wadudu wa mto Henrys Fork, mto wenye maji tulivu ambako samaki aina ya trauti hupata muda wa kumkagua mdudu kabla ya kummeza.

Sababu ya kuipenda bioti ni ya kimaumbile. Meiflai, yule mdudu mwembamba wa mtoni mwenye mikia miwili au mitatu, ana tumbo lenye pingili 10, na kila pingili hukutana na mwenzake kwa mstari unaoonekana wazi. Manyoya laini ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi hutoa tumbo lenye ukungu, lisilo na mistari, na likilowa hunenepa. Bioti hutoa pingili yenyewe bila kuongezewa waya wala uzi wa pili, hubaki nyembamba, na hainyonyi maji mengi, jambo ambalo kwa flai ya kuelea lina thamani kubwa.

Naongeza neno kuhusu mahali. Trauti si samaki wa asili wa Mlima Kenya wala wa milima ya Aberdare: ni mlowezi Ewart Grogan aliyepandikiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura mwaka 1905. Wadudu ni wenyeji. Jamii ya Baetidae, meiflai wadogo ambao tunutu wao, yaani wachanga wanaoishi majini, hujaa chini ya mawe, ilikuwa katika mito hii kabla ya samaki kuletwa. Kwa hiyo nimekataa kunakili rangi za katalogi za Uingereza na badala yake tumeamua kuanza na mdudu aliyeokotwa hapa, akawekwa kwenye kisahani cheupe chenye maji, akatazamwa kwa lenzi. Tumbo lake ni la rangi ya zeituni iliyofifia, likielekea kahawia mgongoni, na ni jembamba kuliko flai nyingi zinazodai kumwiga.

Machi, mwishoni: manyoya

Mvua za masika zimeanza na mito imekuwa ya rangi ya chai, kwa hiyo kazi yote kwa sasa ni ya mezani.

Tumelinganisha bioti za bata mzinga na za bata bukini. Za bata bukini ni fupi na ngumu zaidi, na ndiyo maana zinafaa mikia. Za bata mzinga ni ndefu na hupindika bila kukaidi. Lakini urefu hauhitaji kubahatishwa, maana hesabu yake ni rahisi. Tumbo la flai ya namba 14 katika mwongozo wetu lina urefu wa takribani milimita 6, na mzunguko mmoja wa bioti ukiacha sehemu ya milimita 0.8 ionekane, tunahitaji mizunguko 7 au 8. Mwili wenye kipenyo cha wastani wa milimita 0.8 una mzingo wa milimita 2.5, kwa hiyo mizunguko 8 inakula takribani milimita 20 za bioti. Ongeza milimita 4 za ncha inayofungwa na kufichwa, na milimita 5 za kushikiwa na koleo, na utaona kwamba bioti isiyofika karibu sentimita 3 itaishia njiani. Bioti nzuri ya bata mzinga inafika. Ya bata bukini haifiki, ila kwa namba 18 na 20, ambako tumbo ni fupi na jembamba, inatosha na pengine inafaa kuliko nyingine kwa sababu yenyewe ni nyembamba, na mistari yake hukaribiana.

Kwenye unyoya mmoja bioti hazilingani. Zilizo karibu na ncha ya unyoya ni fupi, na zilizo chini kabisa huwa dhaifu na zenye nywele nyingi. Tunachukua za katikati tu kwa namba 14 na 16, na zilizobaki tunazipanga kwenye bahasha ya namba ndogo au ya mikia.

Kuhusu chanzo, bata mzinga wa kienyeji wanaofugwa vijijini wengi wana manyoya meusi au yenye michirizi, ambayo hayapokei rangi ya zeituni hata ukiyachemsha hadi kesho. Weupe wanapatikana kwa wafugaji wanaouza nyama hotelini, ambao hapo awali walikuwa wakitupa mabawa. Manyoya ya ndege wa porini hatuyagusi, hata yakiokotwa chini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuachia jambo hili mlango wa mzaha, na mnunuzi wa ng'ambo naye ataulizwa na forodha ya kwao. Yenye michirizi hatujayatupa: bioti yenye doa jeusi na jeupe ikizungushwa hutoa tumbo lenye madoa yasiyolingana, na nadhani litafaa kwa flai ya tunutu, lakini hilo ni la mradi mwingine.

Aprili: rangi

Hapa sitakaa sana. Unyoya ni protini kama sufu, kwa hiyo hupokea rangi za asidi, zile za kutia sufu, siki ikitumika kushikisha. Manyoya huoshwa kwanza kwa sabuni ya vyombo ili mafuta yatoke, kwa sababu palipo na mafuta rangi haiingii na bioti hutoka na mabaka. Kisha hulowekwa katika maji moto ambayo hayajafika kuchemka, na hutolewa yakiwa na rangi iliyokolea kidogo kuliko inayotakiwa, kwa kuwa yakikauka hupauka. Mmoja wetu alipendekeza manjano ya jikoni, na kweli yalitoa rangi ya dhahabu ya kupendeza sana. Sehemu iliyoachwa dirishani, hata hivyo, ilififia kwa jua, na flai ni kitu kinachoishi juani. Tumebaki na rangi za asidi.

La maana zaidi ni kwamba rangi ya bioti haiamuliwi kwenye sufuria peke yake. Bioti iliyolowa hupitisha mwanga, na uzi ulio chini yake huonekana. Bioti moja ya zeituni iliyozungushwa juu ya uzi mweusi ilikuwa ya kijani kibichi cha giza mara ilipotiwa maji, na nyingine kutoka unyoya uleule, juu ya uzi wa manjano hafifu, ilibaki na mwanga wa ndani unaofanana na wa mdudu mwenyewe. Mwongozo sasa unataja rangi ya uzi pamoja na rangi ya bioti, na sampuli zote za kulinganisha hutazamwa zikiwa zimelowa. Sampuli kavu haina ushahidi wowote.

Aprili, mwishoni: msingi wa uzi

Sehemu hii imechukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na naiandika kwa kirefu kwa sababu naamini ndipo ilipo kazi nzima. Bioti haina uwezo wa kuficha kitu. Ukiisokota sufu ya sungura juu ya msingi wenye mabonde, sufu hujaza mabonde; bioti huyafuata. Kila kifundo, kila mkia uliokatwa ghafla badala ya kukatwa kwa mshazari, hujitokeza kwenye tumbo kama mfupa chini ya ngozi.

Tumekubaliana kutumia uzi wa denia 70, yaani uzi ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 70. Ni mwembamba wa kutosha, na zaidi ya hayo unalala bapa. Lakini uzi unapozungushwa kwenye ndoano hujisokota, na kila mzunguko huuongezea msokoto, hadi unakuwa kama kamba ya duara na kuacha matuta. Fundi anayetumia mkono wa kulia anapaswa kuiachia bobini, yaani kishikio cha uzi, ining'inie na kuizungusha kinyume cha saa mara kwa mara ili uzi ufunguke na kulala bapa tena. Mafundi wa zamani hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya, na walipoombwa waeleze walisema tu kwamba uzi "umekasirika" na lazima utulizwe. Nimeliacha neno hilo kwenye mwongozo, kwa maana linaeleweka haraka kuliko sentensi yangu.

Suala la pili ni mteremko. Flai tunayoifunga ni ya parashuti: ina nguzo ya nyuzi nyeupe za polipropilini iliyosimama karibu na kifua, na unyoya wa shingo ya jogoo huzungushwa kwenye nguzo hiyo kwa mlalo. Nguzo hufungwa kwanza, na mabaki yake hurudi nyuma juu ya shina. Yakikatwa mahali pamoja hutengeneza ngazi, na bioti ikifika kwenye ngazi hiyo hufanya mojawapo ya mambo mawili: hupanda na kufunguka, ukingo wake ukiachana na mwili, au huteleza kurudi nyuma na kulala juu ya mzunguko uliotangulia. Dawa yake ni kuyakata mabaki ya nguzo kwa mshazari mrefu na kuongeza nyuzi za mkia hadi zifike kwenye mshazari huo, ili nyuzi za mkia zijaze pale ambapo nguzo inaishia. Kisha tabaka moja la uzi bapa hupita juu kutoka nyuma kwenda mbele, na la pili hurudi. Mwili wa uzi uliokamilika unapaswa kuanza mwembamba kwenye mkunjo wa ndoano na kunenepa polepole bila mahali ambapo ukucha unakwama. Kipimo tunachotumia ni hicho hasa: ukucha wa kidole gumba unapitishwa kutoka mkiani hadi kwenye nguzo, na ukikwama, uzi unafunguliwa.

Kuna ubishi kuhusu unene. Mafundi wawili wanapenda msingi mnene zaidi kwa sababu bioti hukaa vizuri na kazi huenda haraka; mimi nimesimama upande wa msingi mwembamba, nikitegemea yule mdudu wa kwenye kisahani. Tumbo la meiflai namba 18 ni jembamba mno, na wanunuzi wamezoea flai nene kwa sababu ndizo zinazofungwa kwa wepesi.

Mei: ukingo

Bioti ina kingo mbili ambazo hazifanani. Ukingo mmoja ni mgumu na mnene. Mwingine ni mwembamba, una utando na vinywele vifupi. Anayezungusha kutoka nyuma kwenda mbele, kila mzunguko mpya hufunika sehemu ya mbele ya mzunguko uliotangulia, na ukingo wa nyuma wa mzunguko mpya hubaki juu, wazi. Hivyo basi ukingo unaoelekea nyuma, upande wa mkia, ndio utakaoonekana kwenye flai iliyokamilika, na ule unaoelekea mbele utazikwa. Ukingo wenye vinywele ukiwa nyuma, kila pingili itasimamisha kishungi kidogo cha vinywele na mwili utakuwa na matuta. Ukiwa mbele, utafunikwa, na mwili utatoka laini, unaong'aa, wenye mistari tu.

Miili yote miwili ni halali. Mafundi waliokuwa wakifunga bila kutofautisha walikuwa wakitoa dazeni moja yenye flai za aina mbili, na mnunuzi mwenye jicho huliona hilo mara moja. Tumeamua kwamba flai ya parashuti itakuwa na mwili wa matuta, kwa sababu vinywele hushika viputo vidogo vya hewa na kusaidia kuelea, na kwamba tunutu, tutakapofika huko, atakuwa laini, kwa kuwa anatakiwa kuzama.

Swali la vitendo ni jinsi ya kujua ukingo uko wapi kabla ya kuzungusha, hasa kwenye namba 18 ambapo jicho la mtu wa makamo halisaidii. Bioti ikibanduliwa kwenye uti kwa kuvutwa, badala ya kukatwa kwa mkasi, hubaki na pengo dogo upande mmoja wa kitako chake. Pengo hilo ni alama iliyowekwa na ndege mwenyewe, na ndiyo sababu mkasi umepigwa marufuku katika hatua hii. Hata hivyo hatutegemei pengo peke yake, kwa kuwa manyoya ya bawa la kushoto na ya bawa la kulia ni kama viatu: kinachoelekea kushoto kwenye kimoja kinaelekea kulia kwenye kingine. Mafundi waliofundishwa kanuni ya "pengo juu" na mafundi waliofundishwa "pengo chini" wamekuwa wakibishana kwa miaka, na nadhani baadhi yao walikuwa na manyoya ya mabawa tofauti mkononi.

Utaratibu wetu ni huu. Manyoya ya kushoto na ya kulia yanatenganishwa siku ya kwanza, kabla ya kuoshwa, na hayakutani tena. Fundi anapewa upande mmoja tu kwa kazi yote ya siku. Bioti ya kwanza inafungwa kwa ncha, inapewa mzunguko mmoja na nusu, na kutazamwa kwa lenzi. Vinywele vikiwa nyuma, fundi anatazama pengo limeelekea wapi na kuendelea hivyo bila kufikiri hadi bahasha iishe. Vikiwa mbele, bioti inafunguliwa, inageuzwa, na kanuni ya siku hiyo inakuwa kinyume. Fundi mmoja kijana aliuliza, "Mwalimu, si ni rahisi zaidi kila mtu ajifunze pande zote mbili?" Ni rahisi kwake. Macho yake bado ni mapya.

Mei, mwishoni: kulowesha, kushika na kuzungusha

Bioti kavu huvunjika au kupasuka kwa urefu. Tunaziweka katikati ya kitambaa chenye unyevu tangu asubuhi badala ya kuziacha ndani ya bakuli la maji, maana iliyolowa kupita kiasi hutanuka, na ikikauka juu ya ndoano husinyaa na kuacha nafasi kati ya pingili. Unyevu wa kitambaa unatosha kabisa.

Milimita 1 au 2 za ncha hukatwa, kwa kuwa hapo bioti ni nyembamba mno na hukatika ikishikwa na uzi. Kinachobaki kinafungwa kwenye mkunjo wa ndoano, mahali mkia unapoanzia, kwa mizunguko miwili au mitatu ya uzi, isiyozidi. Kufunga kwa ncha ndiko kunakoipa flai umbo lake: bioti ni nyembamba kwenye ncha na pana kwenye kitako, kwa hiyo pingili za nyuma hutoka nyembamba na za mbele hupanuka, kama zilivyo kwa mdudu.

Koleo la manyoya limeleta usumbufu kuliko kifaa kingine chochote. Meno yake hukata kitako cha bioti, hasa mzunguko wa mwisho unapohitaji kuvutwa. Tumevisha taya moja kipande cha neli nyembamba ya plastiki iliyotolewa kwenye waya wa umeme, na ukataji umekoma. Koleo linapaswa kushika kwa mstari mmoja na bioti, siyo kwa kukingama, kwa sababu likikingama bioti hujipinda katikati ya mzunguko na ukingo hubadilika upande bila fundi kugundua. Mvuto uwe wa kiasi kinachofanana toka mwanzo hadi mwisho. Bioti haimpi fundi nafasi ya kukaza baadaye kile alichokilegeza mwanzoni.

Juni: gundi na uimara

Udhaifu wa mwili wa bioti unajulikana: jino moja la trauti likikata mzunguko mmoja, mwili wote hufunguka. Trauti ana meno kwenye taya, kwenye paa la kinywa na hata kwenye ulimi, na flai hupita kote humo. Kuna njia tatu za kuulinda mwili, na zote zimejaribiwa mezani kwa kusugua flai kwa msasa laini hadi bioti ikatike, kisha kuona inachofanya.

Ya kwanza ni waya mwembamba wa shaba unaozungushwa kinyume na mwelekeo wa bioti, ili uvuke kila pingili badala ya kuzama kati yao. Mwili haufunguki kabisa. Lakini waya ni uzito, na flai yetu inaelea. Tena waya hulaza matuta tuliyoyahangaikia. Nimeuhifadhi kwa tunutu.

Ya pili ni kupaka utomvu unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno juu ya mwili uliokamilika. Unang'aa kama kioo na hauharibiki. Vinywele hupotea ndani yake na mwili huwa kama wa plastiki. Kuna wanunuzi wanaoupenda, nami siwagombezi, ila haumo katika mwongozo huu.

Ya tatu ni gundi chini ya bioti, na hapo ndipo tuliposimama, ingawa siyo kwa gundi tuliyoanza nayo. Mafundi wengi hutumia super glue kwa mazoea. Gundi hiyo, sayanoakrileti, hugandishwa na unyevu. Ndiyo maana hushika vidole upesi. Sasa fikiria bioti iliyotoka kwenye kitambaa chenye maji inapolazwa juu yake: inaganda papo hapo, mzunguko wa kwanza ukiwa haujakaa sawa, na hakuna kurekebisha. Bioti kavu ingeepuka hilo lakini ingevunjika. Tulipohamia kwenye vanishi nyepesi inayokauka polepole, ikapakwa tabaka jembamba kwa ncha ya sindano juu ya msingi wa uzi, fundi alipata muda wa kuzungusha, kurudi nyuma nusu mzunguko ikibidi, na kufunga kitako bila haraka. Ikikauka usiku kucha, bioti iliyokatwa kwa msasa mahali pamoja hubaki imelala palepale, na pingili nyingine hazitikisiki. Vanishi ikizidi hupenya kati ya pingili na kulaza vinywele, kwa hiyo kipimo ni tone moja linalosambazwa, na uzi unapaswa kuonekana umelowa bila kuonekana umefunikwa.

Julai: mtoni

Maji ya mto Thego yamesafika, na flai za namba 16 na 18 zimetupwa kwenye vidimbwi na kwenye maji yanayokimbia, pamoja na flai za manyoya ya sungura zenye rangi ileile kwa ajili ya kulinganisha. Sidai kwamba trauti wamechagua bioti. Katika maji yanayokimbia hakuna tofauti niliyoiona, na nadhani samaki hapo hana muda wa kuhesabu pingili. Katika vidimbwi vilivyotulia, ambako samaki hupanda polepole na kuikaribia flai kwa pua kabla ya kuamua, flai ya bioti ilikataliwa mara chache zaidi, lakini siku hizo zilikuwa chache na hali ya hewa haikulingana.

Kilichothibitika ni uimara. Flai zenye vanishi chini ya bioti zimerudi zikiwa na unyoya wa jogoo uliochakaa na nguzo zilizochafuka huku tumbo likiwa zima. Zile chache zilizofungwa bila gundi zilifunguka baada ya samaki wa kwanza au wa pili. Kuelea pia kumeridhisha: bioti ikikaushwa kwa kitambaa na kupulizwa mara mbili hivi, flai hurudi juu ya maji, ilhali ya sungura huhitaji kukamuliwa na kupakwa tena dawa ya kuifanya ielee. Ndoano zote zilikuwa zimebanwa chembe (kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka), na jambo hilo lilipunguza pia uharibifu unaotokea wakati wa kumchomoa samaki, kwani flai nyingi huumia kwenye koleo la mvuvi kuliko kinywani mwa trauti.

Agosti: karatasi ya vipimo

Karatasi ya namba 14, 16 na 18 imekamilika na kubandikwa juu ya meza. Inataja uzi wa denia 70 wa manjano hafifu, bioti ya bata mzinga, ya zeituni, ya upande mmoja wa bawa, ncha kukatwa milimita 1 au 2, vanishi tone moja, vinywele nyuma, mizunguko 7 au 8 kwa namba 14, na tumbo kuishia mahali mshazari wa nguzo unapoanza kupanda. Mizunguko ya namba 18 nimeiacha kwa jicho la fundi baada ya mabishano, kwa sababu bioti zenyewe zinatofautiana upana, na fundi anayehesabu huacha kutazama.

Namba 20 bado haijakamilika. Bioti ya bata bukini inatosha kwa urefu, lakini ugumu wake hufanya mzunguko wa kwanza uinuke kwenye mkunjo wa ndoano, mahali ambapo mwili ni mwembamba zaidi, na kitambaa chenye unyevu hakikuilainisha vya kutosha. Tunailoweka sasa kwenye maji vuguvugu na kuikausha kwa karatasi kabla ya kuifunga. Kama haitatulia, tutajaribu bioti fupi za karibu na ncha ya unyoya wa bata mzinga, ambazo tumekuwa tukiziweka kwenye bahasha ya mikia, na bahasha hiyo imejaa.